Glasi Isiyo na Maji

Glasi yenyewe haijawahi kuwapo duniani. Tuliiunda kwenye kompyuta, tukaijaza maji ya kompyuta, tukatia vipande vitatu vya barafu na kipande cha ndimu, kisha tukaiweka juu ya meza ya mbao ambayo nayo haijawahi kuguswa na seremala. Lilikuwa tangazo la maji ya kunywa, la sekunde 12, na tulilifanyia kazi katika studio ndogo ya Dar es Salaam. Studio siitaji, na mteja simtaji, maana kosa halikuwa lao. Lilikuwa langu, tena yalikuwa mawili. La kwanza nililifanya kwa mikono, usiku, peke yangu mbele ya kompyuta. La pili nililifanya kwa mdomo, mchana, mbele ya watu. La mikono lilirekebishwa usiku mmoja. La mdomo ndilo lililonikalisha leo niandike.

Kazi yangu ni kompoziti, yaani kuunganisha picha. Kabla yangu yuko mtu wa renda, ambaye huiachia mashine ikokotoe namna mwanga unavyogonga kila kitu kwenye tukio. Yeye hanitumii picha moja iliyokamilika. Hunitumia rundo la picha, na sisi tunaziita pasi. Iko pasi ya rangi za vitu vilivyopigwa na taa, pasi ya mng'aro, pasi ya uakisi, na kwa vitu kama glasi iko pasi ya rifraksheni: nuru iliyopinda ikipita ndani ya kitu angavu, pamoja na kila kinachoonekana kupitia humo. Ukizijumlisha pasi hizi pikseli kwa pikseli, kabla rangi hazijarekebishwa kwa ajili ya skrini, unapata picha kamili kama mashine ilivyoikokotoa. Na kabla ya kujumlisha unaweza kuigusa moja na kuziacha nyingine. Mteja akisema meza inang'aa mno, simrudii mtu wa renda. Nashusha pasi ya mng'aro, mteja anaridhika, tunakwenda kula.

Uwezo huo una kilevi chake. Ukishawaokoa watu mara kumi kwa kushusha namba moja, unaanza kujiona hakuna kinachokushinda. "Tutalimaliza kwenye kompoziti" likawa neno langu. Bosi alilipenda kwa sababu lilimwokolea pesa. Nami nililipenda kwa sababu kila nilipolitamka watu waligeuka kuniangalia.

Jumatano moja, saa sita mchana, mteja alipiga simu. Alikuwa dada wa idara ya masoko, mtu wa maneno machache. Alikuwa ameiona picha yetu ya majaribio: nyuma ya glasi kuna bahari, minazi, na jua kubwa jekundu likizama majini. Anga lile tulilinunua kwenye intaneti.

"Jua letu huzama baharini tangu lini?" aliuliza.

Studio nzima ilinyamaza. Sote mle ndani tulikuwa watu wa Pwani, wa kuzaliwa au wa kukulia, na kila alfajiri jua huchomoza mbele yetu kutoka Bahari ya Hindi na jioni huzama bara, nyuma ya migongo yetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona kosa hilo. Dada alitaka asubuhi, kama saa mbili hivi, anga jeupe la samawati, na dau lipite nyuma. Picha za asubuhi ya namna hiyo tulikuwa nazo, za Bagamoyo, dau lenye tanga jeupe likitoka kushoto kwenda kulia. Kikao cha kuonyesha kazi kilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi.

Bosi akauliza kama inawezekana. Kijana wa renda alikuwa amekaa mkabala nami. Alikuwa na miezi mitatu pale, kwa mkataba wa kazi moja moja, na alikuwa na desturi ya kufikiri kabla ya kujibu. Alipokuwa bado anafikiri, mimi nilishajibu.

"Kubadilisha nyuma ni kazi ya kompoziti. Kesho asubuhi mtaiona."

Hesabu ilikuwa hivi. Kwa kiwango cha televisheni cha fremu 25 kwa sekunde, tangazo lilikuwa na fremu 300. Kila fremu ilichukua dakika 40 kurendwa, na tulikuwa na mashine nane. Kurenda upya tangazo zima kungechukua saa 25, nasi tulibakiwa na saa 22. Kwa hiyo nilichosema kilionekana hekima. Meza na kila kilichokuwa juu yake tulikiangazia kwa taa zetu wenyewe, si kwa anga lile, basi kuigeuza meza ya jioni iwe ya asubuhi kwa kugusa pasi lilikuwa jambo jepesi. Iliyobaki ni glasi.

Saa kumi jioni simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa yule kijana, aliyekaa hatua tano kutoka kwangu. Nadhani aliona aibu kunisahihisha kwa sauti mbele ya wenzetu. Aliandika:

"Kaka samahani. Pasi ya rifraksheni ina anga la zamani ndani yake. Ukibadilisha nyuma, glasi itabaki na machweo. Naweza kurenda eneo la glasi tu nikiweka picha ya Bagamoyo nyuma yake. Mashine zote nane, kama saa kumi. Nikianza saa mbili usiku, saa kumi na mbili asubuhi unazo. Kuna kitu kingine pia nimekuwekea kwenye folda ya glasi, kiangalie."

Nilimjibu neno moja: "Poa."

Ningependa kusema sikuusoma vizuri. Niliusoma vizuri. Ila niliusoma kama mkubwa anavyosoma barua ya mdogo, nikitafuta mahali alipovuka mpaka. Nilimwona mtu wa miezi mitatu akinifundisha kazi ya miaka tisa, tena baada ya mimi kutoa ahadi mbele ya bosi. Kumkubalia kungekuwa kusema kwamba mchana niliropoka. Na folda sikuifungua.

Sasa nieleze alichokuwa anakijua yeye na ambacho mimi nilijifanya nakijua.

Mtu yeyote aliyepanda mtumbwi ameona kasia likionekana limevunjika pale linapoingia majini. Mvuvi wa mkuki anajua kwamba samaki hayuko pale anapoonekana. Yuko chini zaidi, na mkuki huelekezwa chini ya picha yake. Nuru hupinda inapotoka hewani kuingia majini, na kila kitu angavu kina kipimo chake cha kuipinda: barafu 1.31, maji 1.33, kioo cha kawaida kama 1.5. Mstari mmoja wa nuru katika glasi yetu ulitoka hewani ukaingia kwenye kioo, kutoka kwenye kioo ukaingia majini, pengine ukapita kwenye barafu ukarudi majini, kisha kioo tena, kisha hewa. Kila mpaka uliupinda, na kila mpaka uliugawa mara mbili, sehemu ikaakisiwa na sehemu ikapita. Turner Whitted alipochapisha mwaka 1980 njia ya kufuatilia miale hiyo kwa kompyuta, picha yake mashuhuri ilikuwa na tufe la kioo juu ya sakafu ya mirabaraba, nayo ilichukua dakika 74 kukokotolewa. Fremu zetu zilikula dakika 40 kila moja kwa sababu ile ile. Mashine haikuwa ikipaka rangi glasi. Ilikuwa ikitafuta, kwa kila pikseli, mahali gani pa dunia panaonekana kupitia pale.

Na mahali hapo mara nyingi si nyuma yake moja kwa moja. Glasi ya mviringo iliyojaa maji ni lenzi. Weka kalamu mbali kidogo nyuma yake, uisogeze kulia. Ndani ya glasi itakwenda kushoto. Dau letu la Bagamoyo, likipita nje ya glasi kutoka kushoto kwenda kulia, ndani ya maji lilipaswa kuonekana limegeuza uso, likirudi kulikotoka.

Kanuni tunazotumia kila siku kuweka picha juu ya picha ziliandikwa na Thomas Porter na Tom Duff mwaka 1984. Zinategemea alfa, namba inayosema pikseli hii imeziba kiasi gani na imeacha kiasi gani cha nyuma kionekane. Ni kanuni nzuri kwa pazia, moshi na nywele. Lakini alfa hujibu swali la "kiasi gani", na glasi inauliza "wapi". Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Douglas Zongker na wenzake, walilionyesha hilo vizuri mwaka 1999. Ili kuweza kuibandika glasi halisi juu ya picha nyingine, waliipiga picha mara nyingi mbele ya skrini zenye michirizi mbalimbali, wapate kujua kila pikseli ya glasi inachota nuru kutoka sehemu gani ya nyuma. Wangeweza kutumia alfa kama ingetosha. Haikutosha.

Hapa ndipo jumla ya pasi iliponidanganya. Nilidhani kwa kuwa pasi zinajumlishika, basi kila kilichomo ndani yake kinatengeka. Pasi ya mng'aro ni kama maharage juu ya wali: unaweza kuyatoa yote, wali ukabaki. Pasi ya rifraksheni ni chai ya maziwa. Humo ndani kuna anga, kuna minazi, kuna ubao wa meza, kuna ndimu, vyote vimeshapinda na kuchanganyika. Ndimu yetu, kwa kuwa ilikuwa ndani ya maji, haikuwamo kabisa kwenye pasi ya rangi za vitu; ilikuwa kwenye rifraksheni, imekorogwa pamoja na machweo. Ukiiondoa pasi hiyo unaondoa chai na kikombe unakiacha kitupu. Tena tulikuwa tunarenda kwa programu ya V-Ray, ambayo usipobadili mpangilio wa glasi huihesabu kwenye alfa kuwa kitu kizima, kama jiwe. Nilipoondoa anga la zamani nyuma ya picha, lilitoka kote isipokuwa ndani ya glasi. Pale lilibaki limeganda, dogo, jekundu, limegeuzwa.

Nilipambana nalo kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri. Nilitoa rifraksheni kwenye picha kamili, zikabaki uakisi na mng'aro vikielea kama ganda la kitunguu. Nikapenyeza picha ya Bagamoyo hapo katikati kwa kutumia mwangaza wa pasi hiyo hiyo kama kizibo. Ndimu ikafifia, nikaikata kwa mkono kutoka kwenye pasi ya zamani na kuirudisha, ikaja na wekundu wake. Wekundu nikauosha kwa samawati. Chini ya glasi, jua la zamani lilikuwa limekusanyika kuwa ukanda mmoja wa moto, nami nililififiza mpaka likafanana na taa ya mbali. Kila nilipoziba, pengine palifumuka. Saa kumi niliegemea kiti, nikajiambia ni sekunde 12 tu, nani atatazama?

Nilikuwa nimeiangalia glasi ile kwa saa nane. Nilijua.

Alhamisi saa nne tulikaa mezani: bosi, watu wawili wa wakala wa matangazo, dada wa masoko, mimi, na kijana wa renda mwishoni mwa meza na daftari lake. Tangazo likachezwa mara moja. Wa wakala wakatikisa vichwa kukubali. Dada akasema:

"Rudisha kidogo. Hapo. Huu mwanga mwekundu chini ya glasi, ni wa nini?"

Nikasema ni mwako wa jua.

"Jua gani? Si limekaa upande huu?" Kisha akanyamaza, akatazama tena. Dau likapita. Lilipofika nyuma ya glasi lilipenya moja kwa moja, limenyooka, halikupinda hata ukucha, likatokea upande wa pili kama lilivyoingia. Mbele ya dada, mezani, kulikuwa na glasi ya maji ya kampuni yao. Akachukua kalamu, akaipitisha polepole nyuma ya glasi ile, na sote tukaiona ikigeuka ndani ya maji na kurudi ilikotoka.

"Sisi tunauza maji," akasema. "Glasi hii haina maji."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaeleza alichokiona. Bosi akanigeukia, nami nikafungua mdomo, na haya ndiyo maneno yaliyotoka:

"Pasi zilizotoka upande wa renda zilikuwa na kasoro. Tulizipata zikiwa hivyo."

Tazama ujanja wake. Hakuna mtu aliyetajwa. "Upande wa renda", kana kwamba ni idara, kana kwamba si kijana mmoja aliyekaa mita mbili kutoka kwangu. "Tulizipata", kana kwamba nami ni mhanga. Na neno "pasi", ambalo hakuna mwingine pale mezani aliyelielewa isipokuwa yeye, lilikuwa ukuta niliojificha nyuma yake. Utaalamu una raha hiyo ya hatari: unaweza kumsingizia mtu kwa lugha ambayo mashahidi hawaifahamu.

Bosi akamtazama kijana. Alikuwa na simu mfukoni, na ndani ya simu ulikuwamo ujumbe wa jana saa kumi jioni pamoja na "Poa" yangu. Angeitoa tu. Alitazama daftari lake, akasema, "Tutarekebisha, bosi. Kesho asubuhi itakuwa tayari."

Usiku ule alirenda eneo la glasi, fremu zote 300, na Bagamoyo nyuma yake. Ilichukua saa kumi, kama alivyosema. Ijumaa nilizipokea, nikaziweka mahali pake, na dau likageuka ndani ya maji bila mimi kugusa kitu. Dada wa masoko aliangalia mara moja tu akasema hewala. Nilipongezwa kwa kurekebisha haraka. Niliipokea pongezi hiyo.

Nilisema mwanzoni kwamba makosa yalikuwa mawili. Nilipunguza moja.

Miezi miwili baadaye ilikuja kazi ya chupa za manukato, glasi tupu na nuru kila mahali. Bosi aliniuliza, "Tumwite yule kijana wa glasi?" Mkataba wake ulikuwa umekwisha, na yeye alikuwa nyumbani akisubiri simu. Nilisema, "Tumjaribu mwingine kwanza." Sikumsema vibaya, na haikuhitajika. Kikao kile kilikuwa kimeshasema, na mimi nilikiacha kiendelee kusema. Sababu yangu ya kweli ilikuwa kwamba nisingeweza kukaa hatua tano kutoka kwake kila siku. Mtu uliyemdhulumu akakunyamazia ni mzito kumtazama kuliko aliyekutukana. Kwa hiyo nilimnyima kazi ili macho yangu yapumzike.

Ningekaa hivyo hadi leo kama nisingepewa darasa. Studio ilianza kuwafundisha vijana siku za Jumamosi, wengi wao wamejifunza wenyewe kwa programu ya Blender kwa sababu ni bure, na nikapewa somo la pasi. Nilifika kwenye glasi. Niliwaeleza kwamba kwenye Blender inaitwa pasi ya upitishaji, kwamba unajumlisha nuru ya moja kwa moja na ile iliyozunguka, unazidisha kwa rangi, na kwamba ukishapata jibu humo ndani kuna dunia nzima iliyopinda. Nikachora kasia, nikachora lenzi. Kisha, kwa mazoea ya kusimulia, nikatoa mfano wa tangazo la maji, na nikasimulia kama nilivyosimulia mezani: mtu wa renda alitupa pasi mbovu.

Binti mmoja akainua mkono. "Mwalimu, lakini umesema pasi ya rifraksheni lazima iwe na anga lililokuwapo wakati wa kurenda. Anga lilibadilishwa baadaye. Sasa kosa la mtu wa renda lilikuwa lipi?"

Nilisimama na kalamu mkononi. Uongo wangu ulikuwa umeishi vizuri mezani kwa wasiojua. Mbele ya watu niliowafundisha mimi mwenyewe haukumaliza dakika moja. Nikawaambia, "Hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu." Wakaandika kwenye madaftari, kama wanavyoandika kila kitu. Jumatatu nikaingia kwa bosi, nikafunga mlango, nikamwambia yote, pamoja na ile simu ambayo haikupigwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema tu, "Na mimi nilishangaa ulipomkataa." Halafu akaniambia nimpigie mwenyewe.

Alikuwa amehamia Nairobi. Nilisikia magari nyuma ya sauti yake. Nilimwambia kwamba siku ile nilisema uongo, kwamba ujumbe wake niliusoma na kuuelewa, na kwamba kazi ya manukato ni mimi niliyemzibia. Alikaa kimya kwa muda.

"Ujumbe nilijua uliusoma, kaka. Ulijibu," akasema. "La manukato sikulijua." Kimya tena. "Nilichokuwa najiuliza ni ile folda. Nilisema labda uliifungua ukaona haifai."

"Folda gani?"

"Ile ya glasi. Nilikwambia nimekuwekea kitu."

Tulipoagana nilishuka stoo, nikatoa diski ya kazi ile. Folda ilikuwapo. Ndani yake kulikuwa na fremu 300 za glasi yetu, iliyorendwa bila taa na bila rangi, na nyuma yake, badala ya bahari, ubao mmoja unaokolea wekundu kutoka kushoto kwenda kulia na ukijani kutoka chini kwenda juu. Wanaojua wataelewa mara moja. Kila pikseli ndani ya glasi ilikuwa imeandika anwani: kiasi cha wekundu ni umbali kutoka kushoto, kiasi cha ukijani ni urefu kutoka chini. Ni ramani ya wapi. Ukiipa nodi ya STMap kwenye Nuke, programu ya kompoziti, pamoja na picha yoyote ya nyuma, nodi inaipinda picha hiyo kama glasi ile ingeipinda. Tarehe ya faili ilikuwa ile Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri. Alikuwa ameshaimaliza kabla ya kuniandikia.

Nilikaa nikaijaribu. Nikaunganisha Bagamoyo, nikazidisha kwa pasi ya rangi ya glasi, nikarudisha uakisi na mng'aro. Kingo zilikuwa na chenga, na kwenye barafu picha ilikatikakatika, kwa sababu pikseli moja huweza kukumbuka anwani moja tu na barafu ina nyingi. Ndimu ingehitaji kurendwa peke yake. Lakini kwenye nusu ya chini ya glasi, penye maji matupu, dau lilifika kutoka kushoto, likaingia majini, likageuza tanga na kurudi. Nilitumia chini ya nusu saa. Kwa ramani ile tungemwonyesha dada wa masoko kitu chenye maji, na usiku mzima mashine zingerenda kilichobaki.

Nikamtumia fremu ile moja, dau likiwa katikati ya kugeuka. Sikujua niandike nini, nikaandika, "Nimeifungua leo. Ilikuwa sahihi. Nisamehe."

Baada ya saa moja hivi zile tiki mbili ziligeuka bluu. Akajibu neno moja: "Poa."

Ni neno lile lile nililomjibu mimi Jumatano ile, nami najua nilipoliandika nilikuwa na maana gani.